Moto wa Gesi Ukigeuka Rangi

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za chombo kilichoingia katika nyumba nyingi za nchi zetu, mjini na shamba, nacho ni jiko la gesi. Zamani mpishi aliujua moto wake kwa macho. Kuni zikiwa mbichi zilitoa moshi, zikiwa kavu ziliwaka vizuri, na dawa ya kasoro ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Lakini gesi haionekani. Kwa sababu hiyo jiko la gesi likiharibika, wengi hawajui pa kuanzia. Mmoja hulipigapiga kwa mwiko, mwingine huliweka pembeni na kurudia mkaa, na wa tatu huendelea kulitumia vivyo hivyo. Huyu wa tatu ndiye aliye katika hatari kubwa kupita wenzake.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, na gesi ni mojawapo ya nishati hizo. Basi mtoto aliye darasani leo huenda akawa ndiye mwenye kulitunza jiko la gesi nyumbani kwao kesho. Chombo kizuri mkononi mwa asiyekijua ni sawa na kisu mkononi mwa mtoto mchanga. Tunataka kuonyesha kwamba moto wa gesi una lugha yake, tena si lugha ngumu kujifunza.

Kwanza tuijue gesi yenyewe. Ile iliyomo mtungini ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Zikishindiliwa kwa nguvu hugeuka maji, ndiyo maana ukiutikisa mtungi wasikia kitu kikicheza ndani yake. Maji hayo yakigeuka tena kuwa gesi huchukua nafasi iliyo kubwa mara 250 hivi kuliko kwanza. Kwa hiyo uvujaji mdogo wa maji hayo ni uvujaji mkubwa wa gesi. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani huzidi uzito wa hewa kiasi cha mara moja na nusu, na butani kiasi cha mara mbili. Ikivuja haipandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini, kama vile shimoni au chini ya kitanda. Na tena gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoinusa hutiwa makusudi, ili pua ya mtu itambue kabla moto haujatambua.

Basi hii ndiyo sheria ya kwanza, nayo yatangulia spana na kila chombo cha fundi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti. Usiwashe taa ya umeme wala usiizime, wala usitumie simu humo ndani, kwa kuwa cheche ndogo yatosha kuleta msiba. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, ungoje mpaka hewa ya chumba imebadilika. Hata ikiwa chakula kiko karibu kuiva, chakula na kingoje.

Sasa tuone jinsi moto unavyofanyika. Gesi hutoka mtungini, hupita katika regyuleta inayopunguza nguvu yake, hufuata mpira, hufika kwenye koki ya jiko, kisha hutoka katika kitundu chembamba sana kilicho katika kipande cha shaba nyeupe ya manjano, ambacho mafundi hukiita nozeli. Gesi ikitoka hapo kwa kasi huvuta hewa ya chumba kupitia nafasi iliyoachwa ubavuni. Gesi na hewa huingia pamoja katika bomba la kuchanganyia, na mchanganyiko huo hupanda mpaka kwenye kichwa cha moto, ambacho wengi hukiita bana. Hapo hutokea katika vitundu vingi vilivyozunguka kofia yake, na ndipo unapowaka.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1855, katika mji wa Heidelberg huko Ujerumani, mtaalamu Robert Bunsen na fundi Peter Desaga walitengeneza taa ya gesi ya chumba cha majaribio kwa kanuni iyo hiyo ya kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka. Wanafunzi wa sayansi wanaijua taa hiyo, nayo bado huitwa kwa jina la Bunsen. Jiko la nyumbani ni ndugu yake.

Hapa ndipo palipo na kiini cha mazungumzo yetu. Ili propani iteketee yote, kibaba kimoja cha gesi hiyo chahitaji vibaba 24 hivi vya hewa. Butani yahitaji zaidi, vibaba 31 hivi. Basi ukilitazama jiko, usidhani kwamba lala gesi tu. Lala hewa kwa wingi kuliko gesi. Karibu kila kasoro ya moto wake yatokana na moja ya mambo mawili: ama gesi haifiki kwa kipimo chake, ama hewa haifiki kwa kipimo chake.

Moto mzima ni wa buluu, umetulia, na kila ulimi wake mdogo una koni iliyo wazi katikati. Hautoi mvumo mkubwa, haurukiruki, wala hauachi masizi chini ya sufuria. Ukiujua huu, mingine yote utaijua kwa kuulinganisha nao. Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili za jiko ni hizi tutakazozitaja.

Tuseme mama mmoja ana jiko la vichwa viwili. Kichwa cha kushoto chawaka vizuri, cha kulia chawaka vibaya. Kabla hajafungua kitu chochote, huyu mama amekwisha kupata jawabu la nusu ya swali. Mtungi ni mmoja, regyuleta ni moja, na mpira ni mmoja kwa vichwa vyote viwili. Kama kasoro ingekuwa huko nyuma, hata kichwa cha kushoto kingeumwa. Basi kasoro iko katika kichwa cha kulia chenyewe: koki yake, nozeli yake, bomba lake au kofia yake. Lakini vichwa vyote viwili vikiwa dhaifu pamoja, asihangaike kuvisafisha. Atazame mtungi kama umekwisha, mpira kama umejikunja au umekandamizwa, na regyuleta kama imekaa barabara. Hii ndiyo njia ya fundi mwenye akili: hulinganisha kwanza, hufungua baadaye.

Sasa tuzitazame dalili moja moja.

Dalili ya kwanza ni moto usiowaka kabisa katika kichwa kimoja. Sikiliza kwa makini unapofungua koki kwa kitambo kifupi. Kama hausikii mvumo mdogo wa gesi, yamkini nozeli imeziba au koki imekwama. Kama wasikia mvumo na harufu ipo, lakini cheche haitokei, basi kilichoharibika ni kiwashio tu. Kiwashio cha namna nyingi hufanya kazi kwa kipande cha fuwele kinachogongwa, nacho kikigongwa hutoa umeme. Jambo hilo liligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Ncha yake ikilowa maji au ikiingia mafuta, cheche hupotea njia. Ifute, iache ikauke, na kwa muda huo tumia kiberiti: washa njiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Kinyume chake ni hatari, kwa kuwa gesi itakuwa imekwisha kukusanyika kabla ya moto kufika.

Dalili ya pili ni moto wa buluu ulio mdogo, hata koki ikifunguliwa yote. Huu hauna njaa ya hewa, bali una njaa ya gesi. Ikiwa ni kichwa kimoja, nozeli imeziba nusu. Ikiwa ni vichwa vyote, huenda mtungi wakaribia kwisha. Lakini wenzetu wa nchi za baridi, kama Njombe na Nyeri, wakumbuke jambo jingine. Butani huacha kugeuka kuwa gesi katika baridi ya karibu nyuzi sifuri, na hata kabla ya kufika huko nguvu yake hupungua sana. Asubuhi ya baridi kali mtungi wenye gesi waweza kutoa moto dhaifu. Hapo usiupashe moto mtungi wala usiumwagie maji yanayochemka. Ungoje jua, au pika polepole. Wala usiulaze chini ili upate gesi iliyosalia, kwa maana yatatoka maji badala ya gesi, na jiko halikutengenezwa kwa maji hayo.

Dalili ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni moto wa manjano, mrefu na mlegevu, unaoacha masizi. Huu ni moto wa koroboi, si wa jiko. Ile manjano ni chembe za kaboni zilizokosa hewa ya kuziteketeza, nazo zinang'aa kwa joto. Masizi yaliyo chini ya sufuria ni gesi uliyoinunua kwa fedha yako ikakosa kuwaka. Hasara hiyo yavumilika, lakini iko mbaya zaidi. Gesi isipopata hewa ya kutosha huweza kutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua hewa ya uzima. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huzidiwa na usingizi, na katika chumba kilichofungwa aweza kufa pasipo kujua kilichompata. Mtu akipatwa na dalili hizi jikoni, mtoeni nje penye hewa mara moja, zimeni jiko, mkamtafute mganga wa hospitali.

Sababu za moto wa manjano ni chache. Nafasi ya hewa imezibwa na vumbi au mafuta. Buibui amejenga ndani ya bomba la kuchanganyia, hasa jiko likikaa muda mrefu bila kutumiwa. Kofia imewekwa upande baada ya kuoshwa. Au nozeli ina tundu kubwa kupita kiasi, jambo tutakalolieleza baadaye. Lakini msichanganye manjano hii na madoa ya rangi ya machungwa yanayorukaruka ndani ya moto wa buluu. Maji ya chumvi yakichemka na kumwagikia moto, au vumbi likipita, moto huonyesha rangi hiyo kwa kitambo kisha hurudi buluu. Hiyo ni rangi ya chumvi, wala si ugonjwa wa jiko.

Dalili ya nne ni moto usio sawa kuzunguka kichwa, upande mmoja mrefu na upande mwingine haupo. Sababu yake karibu siku zote ni uji au maziwa yaliyofurika yakakauka katika vitundu vya kofia. Dalili ya tano ni moto unaojitenga na kofia na kuvuma kama upepo. Huu umepata hewa nyingi kupita kiasi, au gesi yaja kwa nguvu nyingi mno. Ikiwa vichwa vyote vyafanya hivyo, ishuku regyuleta, uache kulitumia jiko mpaka ibadilishwe. Dalili ya sita ni moto unaolia kwa mshindo na kurudi ndani, ukawaka chini kwenye nozeli. Ufunge mara moja, kwa kuwa huunguza bomba la ndani. Mara nyingi kofia haikukaa mahali pake, au gesi ni chache mno.

Dalili ya saba ni moto unaowaka vizuri, lakini ukiachilia kishikio wazimika. Majiko yenye ulinzi yana kijiti kidogo kando ya moto, ambacho kimeunganishwa kwa madini mawili mbalimbali. Kikipata joto hutoa umeme mchache, na umeme huo huishikilia njia ya gesi iwe wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti hupoa na njia hujifunga yenyewe. Habari ya madini mawili kutoa umeme kwa joto ilionekana na Thomas Seebeck mwaka 1821. Basi ncha ya kijiti ikipakwa masizi, au ikisogea mbali na moto, hudhani kwamba moto umezimika. Isafishe kwa kitambaa, uirudishe ndani ya moto. Usikifunge kijiti hicho kwa waya wala usibuni hila ya kukikwepa, kwa maana ni mlinzi wa nyumba yako.

Haya, sasa tusafishe. Funga mtungi, uache jiko lipoe, kisha ondoa regyuleta mtungini. Inua kofia na kichwa, uvitie katika maji moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa, kisha uvisugue kwa brashi. Vitundu vya kofia vizibue kwa waya laini wa shaba. Usitumie njiti ya mti, yaweza kukatikia ndani. Pitisha brashi nyembamba katika bomba la kuchanganyia ili kutoa utando wa buibui. Suuza vyote, vikaushe kabisa, maana tone moja la maji katika kitundu hufanya kazi ya uchafu ule ule uliouondoa.

Sasa nozeli. Itazame kwa kuielekeza kwenye mwanga. Ikiwa imeziba, ifungue kwa spana inayoienea, uiloweke katika maji ya sabuni yenye vuguvugu, kisha uipulize kutoka upande wa mbele kwenda nyuma, ili uchafu utoke ulikoingilia. Hapa twawasihi sana: msitumie sindano ya chuma. Chuma ni kigumu kuliko shaba hiyo, na tundu hupanuka kidogo pasipo mtu kuona. Wanafunzi na wafanye hesabu. Upana wa tundu ukiongezeka kutoka sehemu 5 hadi sehemu 6, eneo lake hutoka 25 hadi 36, yaani gesi itokayo huzidi karibu nusu ya ile ya kwanza. Nafasi ya hewa haikuongezeka. Basi moto uliokuwa dhaifu sasa ni wa manjano, na dawa imezidi ugonjwa. Nozeli iliyopanuliwa haitengenezeki. Hununuliwa nyingine ya kipimo kile kile.

Kwa sababu iyo hiyo si kila nozeli hufaa kila gesi. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, ni methani kwa sehemu kubwa, na ziko nyumba za Dar es Salaam zinazoipata kwa mabomba. Gesi hiyo hutaka nozeli yenye tundu kubwa zaidi. Jiko lililowekewa nozeli za gesi ya bomba, likifungwa kwenye mtungi, litatoa moto mkubwa wa manjano hata likiwa jipya. Anayenunua jiko lililotumiwa na aulize kwanza lilikuwa likila gesi gani.

Ukimaliza, rudisha kila kitu mahali pake, na kofia ikae sawasawa. Funga regyuleta, fungua mtungi, lakini usiwashe bado. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta, juu ya mpira na vibano vyake, na pale ulipofungua. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi yavuja. Funga mtungi ukaze au ubadilishe. Asitokee mtu wa kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti, kwa maana huyo huenda akaupata. Tazama mpira nao: ukiwa na nyufa, au umekauka, au umepita tarehe iliyoandikwa juu yake, ununue mwingine, bei yake ni ndogo kuliko bei ya paa. Ndipo sasa uwashe, uangalie moto kwa dakika chache. Ukiwa wa buluu na umetulia, kazi imekwisha.

Yako mambo ambayo mtu wa nyumbani asiyaguse. Regyuleta haifunguliwi, hubadilishwa. Valvu ya mtungi hurudishwa kwa muuzaji pamoja na mtungi wake. Koki inayovuja ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Na ikiwa moto wabaki wa manjano hata baada ya kusafisha, jiko lisitumiwe ndani mpaka fundi amelitazama, hata kama wageni wako mlangoni.

Mwisho, fungueni dirisha wakati wa kupika, maana tumeona kwamba jiko lahitaji hewa nyingi, na watu wa humo ndani wahitaji hewa iyo hiyo. Nanyi wanafunzi, leo jioni mkifika nyumbani, mwinamie moto wa jiko kwa mbali kidogo, mwutazame rangi yake, kisha mtazame chini ya sufuria. Mkiona buluu na sufuria safi, mshukuruni aliyelitunza. Mkiona manjano na masizi, mwambieni mama au baba kwa adabu yale mliyoyasikia, mkamsaidie kuosha kofia.